Ng'ombe wa Nani

Baba yake aliuliza swali moja tu,
kofia mkononi, vumbi la Mvumi kwenye ndala:
"Huyo ng'ombe ni wa nani?"

Daktari Mbogoni alikuwa ameeleza yote.
Vali ya chuma, inayodumu, inayogonga kama saa,
na dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni hadi kaburini,
na mlenda wa kupimwa kwa kijiko,
na mimba, ambayo dawa ile haipatani nayo.
Kisha ile nyingine, ya utando wa moyo wa ng'ombe,
kimya, haidai dawa ya maisha,
ila huchakaa. Miaka kumi, kumi na mitano,
halafu kifua kifunguliwe tena.
Sechelela ana miaka ishirini na mitatu.
"Ya ng'ombe," alisema, kabla hatujamaliza.
Ndipo mzee Chilongani akauliza swali lake.
Hakuna aliyemjibu.

Mimi si daktari. Mimi ni wa mashine.
Nakaa kwenye kiti chenye magurudumu, nyuma ya mabomba,
na kwa muda fulani nakuwa moyo wa mtu.

Saa tatu kasorobo msumeno umeshapita kidarini.
Harufu ya mfupa, ile tusiyoisimulia nyumbani.
"Washa."
"Nimewasha."
Damu yake ikaja kwangu nyeusi kama zabibu za Hombolo,
ikarudi kwake nyekundu.
Nikaipoza. Nyuzijoto thelathini na mbili.
Koleo likabana, dawa ya baridi ikashuka,
na moyo uliokimbia miaka kumi na mmoja,
tangu mafindofindo yale yasiyotibiwa,
ukatulia.
Mstari kwenye kioo ukalala
kama barabara ya Kongwa saa nane mchana.

Mwaka wa saba huu. Sijazoea.

Wakafungua chumba cha kushoto.
Kilango chenyewe: kigumu, kingo zimegandana,
lango la zizi lililovimba kwa mvua,
halifunguki lote, halifungiki lote,
ng'ombe wanaingia, nusu wanarudi nje.
Mbogoni akakikata, akaziacha kamba za chini.
"Hizo ndizo zinazoshikilia nyumba," alimwambia mwanafunzi.
Akapima. Ishirini na saba.
Sista Nyemo akaitoa vali kwenye chupa,
akaisuuza mara tatu, akihesabu kwa sauti,
maana maji yaliyoihifadhi ni sumu.
Niliiona kwa mbali: majani matatu meupe,
membamba kama utando wa ndani ya yai.

Nyuzi kumi na nne, kijani na nyeupe kwa zamu,
mwilini kwanza, kisha kwenye pete,
vali ingali inaning'inia juu ya kifua
kama mgeni ambaye hajakaribishwa.
Ikateremshwa polepole, nyuzi zikilowanishwa maji.
Halafu mafundo.
Hapo haongei mtu. Mimi tu hutaja dakika.
"Sabini na moja."
"Sabini na tisa."

Hewa ikatolewa. Koleo likaachia.
Moyo ukatapatapa kama mfuko uliojaa panzi,
wakaupiga umeme mara moja,
ukashika.
Nikapunguza mashine, kidogo, kidogo tena,
mpaka damu yote ikawa yake,
na mimi sikuwa moyo wa mtu yeyote.

Mzee nilimkuta ukutani, hajala.
Nikamwambia, imekubali.
Alikaa kimya muda mrefu, kisha akacheka kidogo, bila furaha sana:
"Binti ndiye huleta ng'ombe nyumbani.
Huyu wangu ameletewa yeye, wakamtia ndani."
Halafu akarudi palepale. Wa nani?
Kwetu hatuchukui mnyama wa mtu bila kumwambia.
Nikasema sijui, mzee. Chupa ina namba tu.

Akaomba namba.
Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, tarakimu nane.
Akaisoma kwa kidole, akaikunja,
akaifunga kwenye pindo la leso
pamoja na nauli.